Seli za Mwalimu

Siku seli za Mwalimu zilipochachamaa, maabara nzima ilikunywa soda. Profesa, ambaye mkono wake wa birika ulijulikana jengo zima, alitoa hela bila kuombwa. Chapuchapu alipiga ngoma juu ya boksi la glavu, na Mlezi, mwenye seli, alisimama mbele ya kabati la joto akicheka huku machozi yanamtiririka. Kwa miezi mingi seli hizo zilikuwa zimelala doro kwenye chupa zao. Alizibembeleza kama mtoto njiti, akazibadilishia maji, akaziombea dua, nazo wapi. Sasa ghafla chupa imejaa ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo wasomi wa aina yao tu ndio wanaoweza kulifanya. Mama wa kawaida akiamka asubuhi akakuta mtoto wake mchanga ameota ndevu, ataita majirani. Hawa waliagiza soda.

Mlezi alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kwenye maabara ya saratani, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajajiunga na chuo. Jina la Mlezi alipewa na wenzake, kwa sababu sikukuu zote, wao wakiwa kwao wanakula na kulala, yeye alikuwa hapo analisha. Seli hazijui Jumapili. Zisipobadilishiwa maji yake ya rangi ya waridi, yale yenye sukari na chumvi na vikorombwezo vingine, zinajifia, na ukirudi unakuta uchafu unaelea. Kwao nyumbani hakuitwa Mlezi, aliitwa Dokta. Mama yake mzazi alianza kumwita hivyo siku barua ya kukubaliwa chuoni ilipofika, na tangu hapo hakurudi nyuma, utadhani shahada huletwa na posta.

Seli zenyewe zilitoka kwa mwanamke mmoja, mwalimu wa darasa la kwanza, kijana bado, aliyepatwa na uvimbe wa ini wa aina adimu. Profesa alikuwa amezitafuta seli za uvimbe wa namna hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ukiweza kuzikuza nje ya mwili, unaweza kuzijaribia dawa moja baada ya nyingine bila kumtesa mgonjwa yeyote. Tatizo ni kwamba hazikubali kuishi nje ya mwili. Mlezi alikwenda mwenyewe wodini kuomba ridhaa. Alimkuta Mwalimu amekonda, macho ya njano, lakini mdomo ungali mzima.

"Kwa hiyo mnachukua kipande changu mnakwenda kukifuga," Mwalimu alisema.

"Tunajaribu, dada. Nyingi huwa zinakufa."

"Zangu hazifi. Zina kichwa kigumu. Muulize mama."

Mama yake alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, amekumbatia chupa ya chai ambayo mgonjwa hakuigusa. Alitabasamu kidogo, halafu akageuza uso akatazama ukuta. Mwalimu akatia saini. Siku ya upasuaji Mlezi alipokea kipande cha uvimbe mlangoni, kwenye kikopo kilichozungushiwa barafu, akatembea nacho hadi maabara amekishika kwa mikono miwili. Mwalimu hakutoka hospitali akiwa hai.

Baada ya msiba yule mama alianza kupiga simu. Mara ya kwanza aliuliza kama kuna karatasi anayotakiwa kurudisha. Mara ya pili hakuwa na cha kuuliza, akauliza tu mwanawe anaendeleaje. Mlezi akajibu kwamba anaendelea polepole. Unamsahihishaje mama wa watu kwenye jambo kama hilo? Kwa hiyo seli zilipochachamaa, soda zilipokwisha kunywewa, mtu wa kwanza Mlezi kumpigia alikuwa yeye. Alimwambia, "Mama, amekubali."

Mama wa Mwalimu alikuja wiki ya kumbukumbu ya kifo cha mwanawe. Alipanda ngazi zote za ghorofa tatu, akapumzika kwenye kila kona, akavalishwa koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Mlezi akaiweka chupa chini ya hadubini, akamwelekeza pa kuweka jicho. Mama alitazama kwa muda mrefu sana. Seli zilikuwa zimesongamana, nyingine zinagawanyika hapo hapo, moja inakuwa mbili.

"Alikuwa hivi hivi," mama alisema. "Hata tumboni hakutulia. Nilimwambia baba yake, huyu sijui ananitafuta nini mbavuni."

Kisha akaisogelea chupa na kuanza kuipa habari za nyumbani kwa sauti ya chini: mguu wa baba umepona, wale watoto uliowaacha darasa la kwanza wamepanda, mdogo wako amepata mchumba, ana meno mabaya lakini ana heshima. Profesa alisimama mlangoni, akaona, akaondoka kimya kimya. Kanuni za maabara zinakataza wageni, lakini Profesa naye ana mama. Tangu hapo mama wa Mwalimu akawa anakuja kila mwaka, wiki hiyo hiyo, na habari zake.

Miaka ikaenda. Mlezi alizijaribia seli dawa moja baada ya nyingine, na mojawapo ikaonekana kuziua vizuri. Kwa mtu wa nje hilo ni sentensi moja. Kwake ilikuwa ni ujana wake wote: marafiki walioolewa bila yeye kuhudhuria, mchumba aliyechoka kuambiwa "ngoja nimalize kulisha nakuja", mgongo unaouma kama wa bibi kizee. Aliandika makala, akaituma kwenye jarida kubwa, na tasnifu nayo ikawa imebaki kufungwa tu. Jarida likajibu kwamba makala ni nzuri, ila liletewe cheti cha utambulisho wa seli.

Kipimo hicho hakina maajabu. Ni kama kile wanachopimwa baba na mtoto mahakamani. Unachukua seli zako, unazilinganisha na tone la damu ya mgonjwa lililohifadhiwa, unaambiwa ni ndugu au si ndugu. Kilipaswa kufanyika mwanzo kabisa. Mlezi alikiomba mwaka wa kwanza, Profesa akasema tutafanya. Akaomba tena, akaambiwa tutafanya, kwanza glavu zimekwisha. Baadaye seli zikachachamaa, kila mtu akawa na furaha, na ukiwa na furaha huendi kumpima mtoto wako.

Jibu lilikuja asubuhi, Mlezi ana kikombe cha chai mkononi. Alilisoma akaona wamechanganya sampuli. Akalisoma tena. Halafu akakiweka kikombe juu ya meza taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. Seli alizozilea miaka yote hiyo hazikuwa za Mwalimu. Hazikuwa hata za ini. Zilikuwa Kongwe.

Kongwe ni jina walilozipa wenyewe pale maabara. Ni seli za mgonjwa mwingine kabisa, wa nchi ya mbali, aliyefariki kabla wengi wao hawajazaliwa, na seli zake zikawa zinapitishwa mkono kwa mkono, maabara hadi maabara, kwa sababu haziishi hamu ya kukua. Haziugui, hazichagui chakula, zinasamehe kila kosa, ndiyo maana hutumika kufundishia wanafunzi wapya. Maabara ilikuwa na chupa zake chache, na kazi ya kuzilisha Profesa alimpa Mlezi. "Wewe si unalisha za kwako," alimwambia. "Tia na hizi humo humo."

Sasa kuna sheria moja ambayo kila anayefuga seli huifundishwa kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi: kila aina na maji yake. Hufungui chupa moja ya maji ukalishia aina mbili, kwa sababu tone likirudi na seli moja tu ya Kongwe ndani yake, imekwisha habari. Mlezi aliijua sheria hiyo. Aliwafundisha wengine. Lakini maji yale yalikuwa ya kuagizwa, yanakwama bandarini, na Profesa akiona nusu chupa inamwagwa alikuwa anaumwa kweli kweli. Kwa hiyo pale maabara kulikuwa na utaratibu wao usioandikwa popote. Walianza kulisha seli nyonge, halafu yanayobaki wanazipa Kongwe. Kwa mpangilio huo hakuna hatari. Ila Mlezi hakuwa mashine. Kuna siku, hakumbuki ipi, alichoka au aliitwa au alikuwa anawaza mambo yake, akaanza na Kongwe.

Alikaa akijaribu kuikumbuka siku hiyo, asiipate. Alichokumbuka vizuri ni siku ya soda. Ndiyo siku Kongwe zilipomaliza kuisonga chupa. Seli za Mwalimu zilikuwa zimekufa, na wao wakapiga ngoma juu ya boksi la glavu.

Profesa alisoma jibu lile akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akavua miwani.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

Mlezi alimtazama akajua anawaza nini, kwa sababu na yeye alikuwa amekiwaza hicho hicho njiani: karatasi ni moja, na watu wawili wanaweza kunyamaza. Profesa akashusha pumzi.

"Nitawaandikia jarida leo. Tunaiondoa makala," alisema. "Nilipaswa kukulipia kipimo mapema."

"Nilipaswa kuanza na zile nyonge, Profesa."

"Binti, usijibebeshe yote. Ukitaka tugawane, tugawane."

Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja Mlezi, kwa sababu angefokewa angejitetea. Profesa akamweleza hali ilivyo. Kuanza upya haiwezekani, ufadhili unaisha katikati ya mwaka na wafadhili hawana mjomba. Kuandika tasnifu juu ya Kongwe haiwezekani pia, maana kila kitu juu ya Kongwe kimeshaandikwa na watu waliokwisha kustaafu. Angeweza kumwombea kazi ya kutunza seli za kufundishia, mshahara wa kujikimu tu.

"Kulisha Kongwe," Mlezi alisema.

"Mpaka utakapopata kitu kingine." Akavaa miwani, akaivua tena. "Yule mama anakuja lini mwaka huu?"

"Mwisho wa mwezi."

Profesa akaivaa tena, akaanza kuandika barua ya jarida.

Jioni ile mama yake Mlezi alipiga simu, mchangamfu kupita kiasi.

"Dokta. Fundi anauliza, gauni langu la mahafali liwe na mikono mirefu au mifupi? Nimemwambia mirefu, nisije nikaonekana mama wa stashahada."

"Mama, asishone kwanza."

"Ameshakata kitambaa. Kwani kuna nini?"

"Kazi imeharibika."

"Yote?"

"Yote."

Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuokota vitu vilivyomwagika, "Si mnafuta mnaanza upya? Nyie si ndio mna kompyuta." Mlezi alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akalazimika kukata simu. Alimtumia ujumbe kwamba mtandao ni mbovu. Alilia mpaka kifua kikauma, na alipomaliza kulia hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Aliyekuja na wazo alikuwa Chapuchapu. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzake, mtu wa kufanya mambo mbio mbio na kuyarudia polepole, na katika maabara nzima hakuna aliyekuwa ameharibu kazi nyingi zaidi yake. Kwa hiyo kuhusu majanga alikuwa mtaalamu.

"Tangi," alimwambia asubuhi yake, bila hata salamu. "Kabla ya ile siku ya soda, hukugandisha kitu?"

Mlezi alimkodolea macho. Alikuwa amegandisha. Kila mtu hugandisha akiba kidogo mwanzoni, kwenye tangi la naitrojeni lililoko chini kabisa ya jengo, mahali penye baridi ambamo hakuna kinachooza. Vichupa vingi alikuwa ameshavitumia zamani. Walishuka ngazi wakikimbia kama watoto wa shule. Chapuchapu akafungua kifuniko, moshi mweupe ukatoka, akachomoa rafu moja baada ya nyingine kwa glavu nene, na kwenye rafu ya chini kikawepo kimoja, kidogo kama kidole cha mtoto, kina maandishi ya Mlezi mwenyewe: Mwalimu, na tarehe ya nyuma sana kabla ya soda.

"Usikipumulie," Mlezi alisema.

Walikiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu. Seli nyingi zilikuwa zimekufa humo humo kwenye barafu, hilo ni kawaida. Zile zilizokufa Mlezi alizikusanya akazipeleka kupimwa, maana maiti nayo hutambulika. Zilizo hai aliziweka kwenye chupa mpya, na maji mapya ambayo hayajaguswa na mtu, akaandika juu yake kwa wino mwekundu asiguse yeyote. Kisha akasubiri. Asubuhi iliyofuata aliinamia hadubini na kuziona, chache mno, zimeshikilia sakafu ya chupa. Zilikuwa hazina haraka. Alizitambua mara moja, jinsi mtu anavyotambua mwendo wa ndugu yake kwa mbali, akashangaa aliwezaje kuzisahau. Jibu la kipimo lilikuja na neno moja alilolihitaji. Ni za Mwalimu.

Kwa siku kadhaa Mlezi alikuwa mtu mwenye furaha, na furaha ile ilikuwa mbaya kuitazama. Alikula tena. Alimpigia mama yake akamwambia mikono mirefu ni sawa. Alizilisha seli zile, akazipa kila kirutubisho kilichopo kwenye friji na vingine Chapuchapu alivyovikopa jengo la jirani bila kuomba. Seli zikagawanyika mara moja. Nyingine chache zikagawanyika mara ya pili. Halafu zikaanza kutanuka na kubapa, zikabaki hivyo, kubwa, nyembamba, zimechoka. Mlezi alikuwa amesoma vya kutosha kujua anachokiona. Zilikuwa zinazeeka. Zilikuwa zikifanya vile vile ambavyo zingefanya mwaka ule wa kwanza kama Kongwe zisingeingia. Seli za Mwalimu hazikuwahi kukubali kuishi nje ya Mwalimu, na uhai wote aliousherehekea tangu mwanzo ulikuwa wa mtu mwingine.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mama wa Mwalimu alikuwa tayari ameshapiga simu kusema yuko njiani.

"Mwonyeshe Kongwe," Chapuchapu alisema. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea polepole. "Atajuaje? Atazame, apige stori zake, arudi nyumbani na roho yake. Unamwambia ukweli umfanyie nini?"

"Sijui."

"Basi."

Mlezi aliiweka chupa ya Kongwe chini ya hadubini. Hakuwa ameamua, mikono ndiyo iliyoamua. Mama akaingia akihema, amezeeka kuliko mwaka uliopita, akapokea shikamoo, akavaa koti lake refu bila kusaidiwa maana sasa alikuwa mwenyeji. Akainama, akaweka jicho.

"Huyo," alisema. "Bado mkorofi." Akavuta pumzi, akaanza. "Mwanangu, mdogo wako amejifungua. Wa kike. Wamempa jina lako, mimi sikuwaambia, wamefanya wenyewe. Baba yako ndiyo hivyo, macho yamekataa, lakini anamshika mtoto anasema ana pua yako..."

Mlezi alisimama nyuma yake. Alijua akingoja dakika moja zaidi hatasema kamwe, na habari za mtoto yule zingekuwa zimekwenda kwa mtu asiyehusika.

"Mama," alisema. "Mama, samahani. Huyo siye."

Mama hakuondoa jicho. "Siye nani?"

"Siye Mwalimu. Zimechanganyika. Ni makosa yangu."

Alimweleza. Alitumia maneno mepesi, na maneno mepesi yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hayana pa kujificha. Chapuchapu alitoka nje. Mama akanyooka taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza ulipokuja."

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na mtu nisiyemjua."

"Ndiyo, mama."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa zamani sana. Mbali."

"Watu wake wanajua kwamba yuko hapa?"

"Sidhani."

Mama alitikisa kichwa, ikawa kana kwamba kwa muda kidogo anawasikitikia hao wengine. Kisha akauliza alichokuwa anakiogopa. "Na wangu?"

Mlezi alifungua kabati la joto, akatoa chupa yenye wino mwekundu, akaibadilisha pale chini ya hadubini. Mama alitazama kwa muda. Alisogeza kichwa, akatazama tena.

"Mbona hazifanyi kitu?"

"Zimechoka, mama. Zinakwisha."

"Dawa hakuna?"

"Nimejaribu zote."

"Ndivyo alivyoniambia na daktari," mama alisema.

Mlezi alitaka afokewe. Alitaka mama wa watu amshike shingo, amwite muuaji, amwambie akome kabisa kucheza na watoto wa wenzake. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tu zimebakiza muda gani, Mlezi akamwambia kesho, labda keshokutwa, na kwamba inabidi zirudi kwenye joto. Mama akatazama huku na huku mpaka akaona stuli, akaivuta mwenyewe hadi mbele ya kabati.

"Siku ile wauguzi waliniambia niende nyumbani nikaoge," alisema. "Kwamba mgonjwa bado ana siku mbili tatu. Nikaenda. Nilikuwa bafuni walipopiga." Akakaa, akaweka mkoba wake mapajani. "Leo siogi."

Kabati lile lina milango miwili, wa nje wa chuma na wa ndani wa kioo. Mlezi aliirudisha chupa kwenye rafu ya juu, akafunga kioo, akauacha wa chuma wazi, kinyume cha kila alichofundishwa, ili mama aone. Profesa alipita karibu na mlango, akatazama, akamsimamisha mwanafunzi aliyetaka kuingia akamrudisha. Mama hakusema na chupa. Habari zake zote alikuwa ameshazitoa kwa mwingine, na pengine hakuwa na nguvu ya kuzirudia. Alikaa tu akitazama, na Mlezi alisimama kando yake, akiona haya kukaa.

Baada ya muda mama alinyoosha kidole kwenye rafu ya chini, nyuma ya kioo hicho hicho, ambako chupa nyingine zilikuwa zimejipanga, maji yake yamegeuka njano.

"Zile ndizo zilizommaliza?"

"Ndizo."

"Zimekuwaje?"

"Zina njaa. Zimejaa, zimemaliza chakula."

"Anayezilisha nani?"

"Mimi, mama. Jumatatu kuna wanafunzi wapya, watazitumia." Alitaka kuishia hapo, lakini mama bado alikuwa anamtazama, anangoja. "Ndiyo kazi waliyonipa sasa."

Mama wa Mwalimu alimwangalia kuanzia usoni hadi kwenye viatu, kama mtu aliyekuwa hajamwona vizuri miaka yote hii. Kisha akavuta stuli yake kidogo kando, ili apishe.

"Basi zilishe," alisema. "Zisife na zenyewe."

Mlezi akavaa glavu, akazitoa Kongwe, akaanza kuzibadilishia maji.